Mashine Iliyolala kwenye Mawese

Alunguli, Jumapili, 29 Septemba 2024

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo, na Babu amefungua sanduku lake.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana daftari hili ni jipya na halinijui. Naitwa Latifa, nina miaka kumi na sita. Baba na mama wako kijijini Tunda, wanalima, mimi nimeletwa Kindu kusoma. Nakaa kwa Babu hapa Alunguli, ng'ambo ya mji, na kila siku navuka mto kwenda shule ya ufundi, sehemu ya mekanika, msichana peke yangu kati ya wavulana wenye kelele. Shule ya msingi nilianza kwa Kiswahili, sasa nafundishwa kwa Kifaransa. Mtu angedhani mwenye lugha mbili ana maneno mara mbili. Mimi nina nusu. Nayaona yote kichwani yamepangwa vizuri, halafu shingo inafunga. Basi naandika.

Babu Djuma, baba ya baba yangu, alikuwa mkerezaji katika atelier, yaani karakana, ya reli. Kukereza ni hivi: kipande cha chuma kinazunguka, kisu kimesimama, na chuma kinamenywa kama chungwa mpaka kiwe duara kamili. Mashine yenyewe Babu anaiita tour, kama wazungu wa reli walivyoiita. Leo ametoa sandukuni soksi kuukuu, na ndani ya soksi kitu cha shaba ya njano, kirefu kama kidole gumba, kimetobolewa katikati. Tundu lile! Nililitazama dhidi ya mwanga wa mlango. Ndani lilikuwa laini kama maji yaliyosimama.

“Silinda,” akasema. “Ya mashine ndogo ya mvuke. Nilianza wakati wa vita. Pistoni haina, gurudumu haina.”

Nikamwuliza kwa macho kwa nini leo.

“Jicho la kuume limekwisha fungwa. Hili la kushoto linafunga pole pole, ni kama moshi wa jikoni. Nataka kuiona inazunguka mbele moshi haujajaa.” Halafu akasema ile iliyoninyima raha mpaka sasa: Baba mdogo wa Lubumbashi amekubali kutununulia tour ndogo ya nyumbani. Moja tu. “Na njo wewe utachagua, Latifa. Mwenye atasimama mbele ya mashine njo anachagua mashine.”

Mimi, ambaye sokoni nachukua nyanya za juu kwa sababu naogopa kuomba za chini.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua. Babu amemwaga chai pembeni ya kikombe, tukajifanya hatukuona.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumevuka kwenda kwa Florentin, anayeuza vipuri vya pikipiki na sola. Ana tour moja ndogo, mpya, iliyokuja kwa ndege. Aliyeiagiza hakurudi kuichukua. Tantine Bibiche alikuja nasi. Ni shangazi yangu, binti wa Babu, fundi cherehani, na nyumba yote inatembea kwa sauti yake.

Naandika ukweli: nilipoiona nilisahau kufunga mdomo. Ni ya buluu, ndogo kama mbuzi aliyelala, na ina dirisha lenye tarakimu zinazowaka. Sikujua chuma kinaweza kuwa safi vile.

Babu akaisogelea. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha mashine, na kwa mkono wa pili akaizungusha taratibu, mzunguko mmoja, bila courant, yaani umeme. Nilijua hiyo desturi kwa hadithi tu. Katika atelier ya reli, kila asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa, fundi aliiamsha hivyo kwa mkono. Kama kuna mchanga ndani, mkono unasikia. Asiyeamsha mashine alirudishwa nyumbani siku hiyo, hata kama alikuwa mkubwa wa timu.

“Umelala vizuri?” Babu akaiuliza mashine. Florentin akacheka, lakini kwa heshima.

Kisha Babu akatoa sarafu ya zamani ya Zaïre, akaisimamisha kwa ukingo juu ya chuma, akaomba mashine iwashwe. Mashine ikaimba. Tarakimu zikapanda. Sarafu ikasimama tu, haikutikisika hata kidogo. Nywele za mikono yangu zilisimama pamoja nayo.

“Unaona, Mademoiselle?” Florentin akanigeukia mimi, siyo Babu. Ni mtu mwema, hakutudanganya: alifungua kifuniko cha nyuma akatuonyesha meno ya magurudumu, meupe. “Haya ni ya plastiki, Mzee. Yakivunjika tunaagiza. Ndege ikikuja, yanakuja.”

Babu akatoa mfukoni puli ya chuma, kutoka kinu cha mpunga kilichokufa. Tangu zamani ameichagua iwe gurudumu la uzito la injini yake. Tukajaribu kuifunga. Ikagonga kitanda cha mashine, yaani ule uti wa mgongo ambao kila kitu kinateleza juu yake.

“Si utengeneze gurudumu dogo, Papa,” Tantine akasema.

Kabla Babu hajajibu, courant ikakatika. Mtaa wote ukanyamaza. Sarafu iliendelea kusimama juu ya mashine iliyokufa, na sisi wanne tukaitazama.

Jumanne, 8 Oktoba

Tantine: “Ile ya buluu. Tumemaliza maneno.” Babu: “Latifa hajasema.” Latifa hakusema.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Dieumerci amerudi kutoka Kampene. Ni kijana jirani; yeye na wenzake wanasukuma baiskeli zilizobeba mizigo kati ya huku na machimbo ya Kampene, siku nyingi kwa mguu, na anajua kila kilichofichwa kwenye ile barabara. Anapiga kelele kama watatu. Nilikuwa namwogopa.

“Babu Djuma! Nimeona mujomba yako wa chuma kule!” Akanipa simu. Kwenye picha kulikuwa na ghala la mfanyabiashara mmoja, magunia ya mahindi, na chini ya magunia mashine. Ndogo, ya kijani iliyochubuka, imesimama juu ya miguu yake ya chuma. Ilitumiwa kama meza. Mwenye ghala aliikuta humo aliponunua nyumba, hajui ilikuwa ya nani, anaitoa kwa bei ndogo kuliko ile ya buluu.

Babu akaleta simu mpaka ikagusa pua. Akaigeuza. “Niko naona rangi ya majani tu.” Akanirudishia. “Latifa, chini kuko nini? Kuko pedali?”

Kulikuwa na pedali. Ubao wa chuma, kama wa cherehani ya Tantine.

Babu akaketi. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi tusogee ndipo tumsikie.

“Wakati wa vita treni iliacha kuja. Kitu cha kwanza kuisha haikukuwa chumvi. Ni grisi. Chuma bila grisi, kwa hii hewa yetu, kinaoza kama samaki. Basi tukapaka mawese. Atelier yote ilikuwa inanuka sombe, na sisi na njaa!” Akacheka peke yake, maana sombe, mboga ya majani ya muhogo, hupikwa kwa mawese. “Kazi haikukuwa. Mushahara haikukuwa. Nilikuwa naenda tu kila asubuhi. Kulikuwa tour moja ndogo ya pedali, ya kutengenezea vitu vidogo, haiombi courant. Nikaokota ganda la risasi kubwa. Nikasema, hii shaba imekuja kuua muntu, mi nitaifundisha kazi ingine. Wenzangu wengine walikuwa wanaomba Mungu, wengine walikuwa wanakunywa. Mi nilikuwa natafuta duara. Njo ile silinda.”

“Halafu?” Dieumerci akauliza. Mimi ningeuliza kesho.

“Halafu watu wa bunduki wakakuja wakachukua ile tour. Wakaivusha mto huku Alunguli, wakapita nayo hii barabara. Nilikuwa nasimama ng'ambo. Nilifikiri dunia nzima niko mujinga peke yangu, muntu analilia mashine wakati wengine wanalilia watoto.”

Barabara ya kwenda Kampene inapita nyuma ya nyumba yetu. Nimeitazama jioni yote.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua. Nimeota ile ya buluu.

Jumanne, 15 Oktoba

Dieumerci amerudi Kampene, na leo ilinibidi nimpigie simu. Nilirudia maneno yangu chini ya upenu wa paa, mara nyingi, ndipo nikabonyeza. Nilitaka apitishe ukucha juu ya kitanda cha mashine, kutoka mbali mpaka karibu na mandrin, ile midomo inayokamata chuma. Hapo ndipo kisu kinafanya kazi miaka yote. Kama kitanda kimelika, ukucha unaanguka kwenye ngazi ndogo. Mashine yenye ngazi haitakereza duara la kweli tena, hata uilipe dhahabu.

“Ukucha ya mukono ao ya muguu?” akauliza.

“Ya mkono,” nikasema, na nikamsikia anacheka, na jambo la ajabu, nikacheka pia.

Akarudi kwenye simu. “Sisikii kitu, Latifa. Iko mawese yote, nyekundu, juu inanata, chini ngumu kama lami. Ukucha haifiki kwenye chuma.”

Kwa hiyo sijui. Hakuna atakayejua mpaka ifike hapa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimesema.

Tulikuwa tunakula. Tantine alisema kesho anapeleka pesa kwa Florentin, na hapo nikasikia sauti nyembamba inasema, “Ile ya Kampene.” Ilikuwa yangu.

“Weee! Sasa huyu mutoto anasema!” Tantine akaweka kijiko chini. “Haya, sema yote. Uliyaficha miaka kumi na sita.”

Nilimwambia puli ya Babu haiingii kwenye ile ya buluu. Nilimwambia ile ya kijani ni nzito, na chuma kizito hakitetemeki. Na meno yake ni ya chuma. Na mguu haukatiki kama courant. Nilisema yote nikitazama bakuli. Sikumwambia sababu iliyo chini ya hizo, kwamba labda ni yenyewe. Ile iliyovushwa mto.

“Na kama imeoza?”

“Sijui, Tantine.”

“Hajui!” akawaambia kuku. “Mashine nzuri iko hapa ng'ambo, imesimamisha sarafu mbele ya macho yetu. Yeye anachagua chuma cha mawese chenye hajaona. Papa, mwambie.”

Babu alikuwa anapapasa kutafuta kipande cha bugali. “Amechagua,” akasema.

Usiku huu sitalala. Jicho la Babu halina muda wa mimi kukosea.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Barabara imekatika mahali fulani, wanasema.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua. Babu ameniita kwa jina la mama yangu, mpaka niliposogea.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Tantine hanisemeshi. Nilikuwa nadhani kunyamaza ni mali yangu peke yangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Imefika!

Walikuja mchana, baiskeli zimefuatana, matope mpaka shingoni. Waliigawa vipande vipande kama wanavyogawa ng'ombe: baiskeli hii miguu, ile kichwa, na Dieumerci mwenyewe kitanda, kimefungwa kwa mipira ya ndani ya matairi. Alikuwa anachechemea na anacheka.

“Haikuguswa na mvua hata tone!” akasema. “Tuliipaka mawese mapya kila kijiji. Kila kijiji! Bidoni nzima ya mafuta imeisha!”

Akafungua turubai. Ilikuwa nyekundu toka juu mpaka chini, imenenepa, inadondoka, na sisimizi wa barabara nzima ya Kampene walikuwa juu yake wanafanya karamu. Kuku wetu wakaja mbio.

Tantine alisimama mlangoni na kitambaa cha mteja mkononi. “Latifa,” akasema, neno la kwanza siku nyingi, “tumekutuma mashine, umetuletea sombe ya chuma.”

Watu wote wa uani wakacheka. Dieumerci alicheka kuliko wote, halafu akaniona, akaacha. “Nilifanya mubaya?” akaniuliza chini chini. Mawese mabichi yana ukali, yakikaa yanaganda, yanakula chuma polepole, shuleni tumefundishwa. Lakini yeye alikuwa amelala chini ya mvua ili turubai liwe la mashine. Nikasema, “Hapana. Asante, Dieumerci.” Kwa sauti, mbele ya watu.

Babu alishika gurudumu la mkono la mashine, akapitisha vidole kwenye ukingo wake, akauzunguka wote.

“Siyo yangu,” akasema. “Yangu ilikuwa na pengo hapa. Nililipiga mwenyewe na nyundo, siku ya kwanza ya kazi.”

Akaingia ndani.

Jumatano, 13 Novemba

Kusafisha. Petroli kidogo, vitambaa vya Tantine, kipande cha mwanzi kilichochongwa, maana kisu kingekwaruza. Mawese ya juu yanatoka rahisi. Chini yake kuna mengine, ya zamani, meusi kama lami. Vidole vyangu vinanuka kituo cha mafuta. Wavulana shuleni wananiita Mama Sombe. Habari inavuka mto haraka kuliko mimi.

Jumapili, 17 Novemba

Sijui kama nitaweza kuandika hii. Nijaribu.

Leo jua lilitoka, nikaleta kitanda cha mashine uani nikakwangua lami ya mwisho karibu na mandrin. Ilitoka kipande kizima, kama ngozi ya nyoka. Chini yake kulikuwa na mwanga. Siyo kutu, siyo weusi: chuma cheupe kama mwezi, na juu yake madoa madogo madogo yaliyopangwa kama magamba ya samaki. Hiyo ni alama ya mtu aliyekikwangua kwa mkono zamani ili kiwe sawa kabisa. Alama hazifutiki kama mashine ilitunzwa. Nilipitisha ukucha kutoka mwisho hadi mwisho. Nikarudia. Hakuna ngazi.

Nilimwita Babu. Akapiga magoti, yeye na miguu yake mibovu, akapitisha ukucha wake. Akakata kipande cha ile lami akakinusa, akakigeuza ukingo kwenye jicho lake la moshi.

“Latifa, hii imepakwa mara nyingi. Uko naona mistari? Kama pete za muti. Muntu alikuwa anapaka, inaganda, anapaka tena. Huyu hakukuwa na grisi, kama mimi.”

Tukafika kwenye kichwa. Mhimili wa tour ni mrefu na una tundu katikati, toka upande huu mpaka ule, ili fimbo ndefu ipite. Tundu lilikuwa limezibwa pande zote mbili. Tulidhani ni lami. Niliposugua, ikatokea shaba ya njano. Vizibo viwili, vya mviringo, na kila kimoja kina kishikio kidogo kama kitovu.

“Vuta,” akasema Babu.

Nikavuta. Kilikuja taratibu, taratibu sana, kama kitu kisichotaka kuamshwa. Na kilipofika mwisho, mashine ilivuta pumzi.

Naandika kama ilivyokuwa. *Hhhh.* Hewa iliingia kwenye lile tundu lililofungwa miaka yote ile, kwa sababu kizibo kilikuwa kimekerezwa sawasawa na tundu hivi kwamba hata hewa haikuwa na njia. Tantine aliyekuwa mlangoni akasema “Yesu!” na sisi ni Waislamu.

Babu akaninyang'anya kizibo. Akakizungusha vidoleni, akagusa nacho mdomo, shavu. Kwenye kitako kulikuwa bado na alama ya kiwanda. Ganda la risasi.

“Kulikuwa mwingine,” akasema.

Ndani ya mhimili mlikuwa mkavu na mnang'aa kama jana. Mtu fulani, vita ile ile, njaa ile ile, alijua kuna watakaoikuta, hajui nani, hajui lini. Hakuweza kuilinda na watu. Akailinda na hewa. Wala hakuandika jina.

“Kulikuwa mwingine,” Babu akarudia. “Na mi nilijiona mujinga peke yangu.” Alikaa chini kwenye matope na kile kizibo mpaka adhana, na hakuna aliyemwinua.

Jumapili, 24 Novemba

Tumeiunganisha. Dieumerci alishika kila kizito. Babu akanionyesha kwa mkono, siyo kwa mdomo, mahali pa kila bolti. Halafu akarudi nyuma: “Iamushe.”

Nikaweka kiganja. Nikazungusha mara moja. Nilisikia kitu nisichokuwa na neno lake katika lugha zangu zote mbili. Ilikuwa kama kuzungusha kijiko ndani ya asali, lakini asali haipo.

Sarafu ikawekwa. Nikakanyaga pedali. Sarafu ikaanguka. Tena: ikaanguka. Mguu wangu unakwenda kwa kushtuka, haraka, pole, haraka, kama ninavyoongea. Dieumerci akajaribu, mashine ikarudi nyuma ikampiga goti.

Tantine alitupa vitambaa vyake. “Tokeni. Mnanitia haya.” Akavuta kigoda chake cha cherehani, akaketi, akakunja kitenge, akaweka miguu yote miwili juu ya pedali. Sikuona ilipoanza. Mkanda wa mashine ulikuwa umesimama, halafu ulikuwa unapita kama maji ya mto, bila mshtuko. Babu akasimamisha sarafu.

Ikasimama.

“Wakati wa vita,” Tantine akasema akiwatazama kuku, “mnafikiri nani alikuwa anashona nguo za kuzikia hii mtaa yote, na courant ya nani?”

Sikulijua hilo. Nimekula chakula cha huyu mama miaka mitatu na sikujua miguu yake imebeba nini.

Jumapili, 1 Desemba

Gurudumu. Puli ya kinu imekuwa duara. Ganda la kwanza refu la chuma lilitoka bila kukatika, limejikunja kama nywele ya mtoto; Babu akalitundika juu ya mlango, ndiyo desturi yao. Tantine kwenye pedali, mimi kwenye kisu, kidole cha Babu juu ya kidole changu. Haoni tena tunachokata. Anasikiliza. “Sasa inalia. Punguza. Sasa inaimba.”

Jumapili, 8 Desemba

Pistoni nimeiharibu. Nilikuwa na kipande kimoja tu cha shaba, cha bomba la zamani. Ilibaki kidogo, nikamenya nusu ya nusu zaidi, na ikaingia kwenye silinda ikapiga kelele ya ulegevu. *Tak.* Hewa ingepita kando yote. Babu hakukasirika. Alisema tu, “Kila muntu ana yake ya kwanza.” Lakini alisema akitazama pembeni ya uso wangu, siyo usoni. Aliniuliza kama kumeanza kuwa usiku. Ilikuwa saa tisa mchana.

Alhamisi, 12 Desemba

Dieumerci ametafuta mji mzima, na Alunguli, na sokoni. Shaba yote inanunuliwa na kupelekwa mbali. Imebaki shaba moja tu nyumbani, na kila mmoja wetu anajua ni ipi. Hakuna anayeitaja.

Jumapili, 15 Desemba

“Njo wewe unachagua,” Babu akasema asubuhi, kabla sijamwuliza.

Niliketi na vile vizibo viwili mapajani. Sitawahi kutengeneza kitu kizuri kama hivi. Nikikosea tena, nimefuta nusu ya kazi ya mtu ambaye hana jina wala kaburi tunalolijua, na atabaki na shahidi mmoja tu. Nisipothubutu, Babu atabaki na silinda ndani ya soksi.

Nilifikiri: yule mtu hakukifanya kizibo kiwe kizuri. Alikifanya ili mashine ije ifanye kazi.

Kimoja nikakirudisha kwenye tundu lake. Cha pili nikakifunga kwenye mandrin. Nikaweka kiganja, nikazungusha mara moja. Tantine akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa, na mkanda ukaanza kupita.

Sikumenya, nililamba. Unywele mmoja wa shaba, nasimama, napima kwa silinda. Unywele mwingine. Mvua ilianza, Dieumerci akashika turubai juu yetu bila kusema neno, yeye! Ilipobaki kidogo, ile nusu ya nusu iliyoniponza, Babu alisema, “Acha. Paka mawese. Jaribu.”

Nilipaka tone moja. Nikaweka pistoni mdomoni mwa silinda na kuiachia. Ilishuka yenyewe kwa uzito wake, pole pole, kama mtu anayeingia mtoni. Nilipoziba tundu la chini kwa kidole, ikasimama katikati, imekaa juu ya hewa.

Babu alisikia ukimya huo. Machozi yake yalishuka na hakuyafuta.

Jumapili, 22 Desemba

Shule imefungwa. Jua kidogo, halafu mvua, halafu jua.

Mashine ya mvuke ya Babu ni ndogo; bila gurudumu lake inasimama juu ya kiganja. Msingi, silinda inayoyumba, mkono, gurudumu. Bwela ya kuchemshia maji hatuna. “Kwa kujaribu, pumzi inatosha,” Babu akasema, na akamtuma Dieumerci alete jani la papai. Bua lake lina tundu katikati. Kila mtoto wa hapa analijua, tunapulizia mapovu. Tulilikata, tukalifunga kwenye mdomo wa silinda kwa uzi wa Tantine.

Jicho la kushoto la Babu limejaa moshi tangu Ijumaa. Anatofautisha mlango na ukuta, basi. Aliketi uani, mashine kwenye ubao mbele yake, sikio limeinama.

“Puliza, Latifa.”

Nikasukuma gurudumu kwa kidole, nikapuliza. Ikazunguka nusu, ikarudi. Nikapuliza tena. Ikakaa. Tantine akasema taratibu, “Usishtuke. Pumzi moja ndefu. Kama mguu.”

Nikafumba macho nikavuta hewa yote ya Alunguli.

Silinda ikayumba. *Tk.* Ikayumba tena. *Tk. Tk.* Halafu sikuweza kuhesabu. Gurudumu la kinu cha mpunga likawa ukungu wa kijivu, na shaba mbili zilizokuja kuua watu, moja ya Kindu na moja ya Kampene, zikawa zinapanda na kushuka, moja ndani ya nyingine, bila kelele, kama hazijawahi kukaa mbali. Dieumerci alishika kichwa. Tantine alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

“Inazunguka?” Babu akauliza. “Latifa? Sema. Inazunguka?”

Nilikuwa na maneno yote, kwa lugha zote mbili, na shingo yangu ilikuwa wazi kama barabara. Lakini ningefungua mdomo tu, ingesimama.

Nikachukua mkono wake, nikakileta kidole chake cha shahada mpaka ule upepo mdogo wa gurudumu ukaugusa ukucha.

Nikaendelea kupuliza.